Theluji ya Ilala

Fundi Uwesu alitumwa kupeleleza kwa mara ya kwanza mwezi wa sita, wiki moja baada ya watu wa Tabasamu kuleta magari ya kugongana.

Wakati huo Ilala kulikuwa na viwanja viwili vya michezo ya watoto. Shangwe kilikuwa cha zamani, nyuma ya soko la Mchikichini, kwenye yadi ambayo zamani ilikuwa karakana ya malori. Mwenyewe aliitwa Abdulhamid, mtoto wa mjini, aliyeirithi yadi hiyo kwa baba yake. Tabasamu kilikuwa na mwaka mmoja tu, upande wa kuelekea Buguruni, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu. Tangu kifunguliwe, Abdulhamid hakuwa na raha. Wale wakiweka mashine moja ya bisi, yeye anaweka mbili. Wale wakileta bembea ya meli, yeye anamwita Uwesu ofisini na kumwambia, "Fundi, na sisi tunataka meli."

Uwesu alikuwa fundi wake kwa miaka saba. Ndiye aliyeendesha treni ya watoto, ndiye aliyepaka grisi farasi wa kuzunguka, ndiye aliyelitia viraka jumba la upepo la kurukia lilipotoboka. Alikuwa mtu wa Lindi, miaka arobaini na minne, mpole, asiye na maneno mengi. Alipanga chumba Buguruni nyuma ya gereji. Yeye na mkewe waliachana miaka mitano nyuma, mwanamke akarudi Lindi na mtoto wao wa pekee, Ummy, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Mwanzoni Uwesu alipiga simu kila Ijumaa. Kisha yule mama akaolewa, simu zikawa fupi. Uwesu akaona haya kupiga kwenye nyumba ya mwanamume mwingine, akaacha. Hakuna aliyemkataza. Aliacha tu, na kila mwezi uliopita ulizidi kufanya iwe vigumu kuanza upya.

Basi mwezi wa sita Abdulhamid akamwambia, "Nenda kwa wale jamaa. Angalia yale magari yanavyokwenda, umeme wanaupitisha wapi. Vaa nguo za kawaida, wasijue wewe ni nani."

Uwesu alikwenda Jumatano alasiri. Langoni alikuta dirisha la tiketi, na juu yake kibao: MTU MZIMA HAINGII BILA MTOTO. Alisimama akikisoma mara mbili. Dirishani alikaa mwanamke wa kama miaka thelathini, nywele kasuka kwa nyuma, kipaza sauti mbele yake.

"Shikamoo, baba. Tiketi ngapi?"

"Marahaba. Moja. Ya kwangu."

"Na mtoto?"

"Mtoto ameshaingia," alisema Uwesu. "Kaingia na wenzake."

"Anaitwa nani?"

Angeweza kutaja jina lolote. "Ummy," alisema.

Yule mwanamke akacheka. "Mwangalie huyo Ummy, hata baba hamsubiri! Haya, pita."

Uwesu alizunguka magari ya kugongana kwa nusu saa, akaona nguzo zilivyogusa wavu wa juu, akaona sakafu ya chuma, akarudi kumwelezea bosi wake. Mwezi wa nane Shangwe wakawa na magari yao, manne, mawili kati yake yakienda kinyumenyume tu.

Akatumwa tena. Na tena. Kila Tabasamu walipoleta kitu kipya, Uwesu alivaa shati lake la mikono mirefu akaenda. Yule wa dirishani aliitwa Paskalina. Alikuwa mtu wa Masasi, na mara ya tatu aliisikia lafudhi ya Uwesu akauliza, "Baba Ummy, wewe ni mtu wa Kusini?"

"Lindi."

"Ndiyo maana! Mimi nimezaliwa Masasi. Na Ummy anakujua Lindi?"

"Anakujua sana," alisema Uwesu, na hapo hakuwa anadanganya.

Tangu siku hiyo Paskalina hakumwacha apite bila kuuliza. Ummy hajambo? Ummy yuko darasa la ngapi? Mafua yamepona? Uwesu alijibu yote. Darasa la tatu. Hesabu anaziweza, kuandika ndiyo mvivu. Anapenda treni kuliko farasi. Hakujua kama ni kweli, lakini akiwa njiani kwenda Tabasamu alijikuta anayapanga majibu hayo, mtu anavyopanga nguo za safari. Hakukuwa na mtu mwingine mjini aliyejua kuwa ana mtoto. Pale anapopanga walimwita fundi, kazini walimwita fundi. Ilikuwa ni kwenye dirisha lile tu alipoitwa Baba Ummy.

Ikafika mahali akawa anakwenda hata asipotumwa. Ananunua tiketi, anaulizwa, anajibu, anakaa kwenye benchi karibu na bomba la maji akitazama watoto wa watu. Halafu anatoka kwa lango la nyuma ili Paskalina asimwone akiondoka peke yake.

Mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa na joto la Dar limeshika, Tabasamu wakafungua Chumba cha Theluji.

Mji mzima ulizungumzia kitu hicho. Lilikuwa kontena lililozibwa kwa magodoro na mabati, ndani yake mashine zinarusha theluji, na mtoto kabla hajaingia anavalishwa koti zito. Makoti yenyewe walinunua kwa marobota ya mitumba pale pale Mchikichini, nyuma ya uzio wa Shangwe, na hilo ndilo lililomuuma Abdulhamid kuliko yote.

"Wamekuja kununulia mlangoni kwangu!" alisema. "Fundi, nenda kaangalie wanatengenezaje ile kitu. Krismasi inakuja, tutabaki na nani hapa?"

Uwesu alikwenda Jumamosi. Kulikuwa na watu wengi kuliko siku zote. Paskalina, jasho likimtiririka, alimpa tiketi na kuuliza haraka, "Ummy yumo?"

"Yumo. Kakimbilia kwenye theluji."

"Mwambie asivue koti, asije akaumwa tena!"

Uwesu alijipenyeza nyuma ya kontena, akaona matangi, akaona bomba la maji na mashine ya kushindilia hewa, akaelewa nusu. Nusu nyingine ingemtaka aingie ndani. Aliamua kurudi nyumbani. Lakini wakati huo wingu zito lilikuwa limefunga, upepo ukaanza kupeperusha mapazia ya vibanda, na Tabasamu wakatangaza wanazima michezo yote ya nje. Wazazi wakaanza kukusanya watoto. Lango la nyuma likafungwa ili watu wote watokee mbele. Uwesu akajikuta kwenye foleni, peke yake, anasogea kuelekea dirisha la Paskalina.

"Baba Ummy! Mbona peke yako? Mtoto yuko wapi?"

"Yupo. Anakuja."

"Mvua hiyo inaanguka sasa hivi. Ngoja nikuitie."

"Hapana, dada, usijisumbue..."

Paskalina alikuwa ameshavuta kipaza sauti.

"Ummy! Ummy, baba yako anakusubiri hapa langoni. Ummy, njoo kwa baba."

Sauti ilitoka kwenye spika zote, za kwenye nguzo, za kwenye meli, za juu ya kontena. Kwa miaka mitano Uwesu hakuwa amesikia jina hilo likiitwa kwa sauti kubwa. Yeye mwenyewe alikuwa analisema chini chini tu. Sasa lilikuwa limejaa uwanja mzima. Alitakiwa apenye kwenye umati aondoke, lakini alifanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza: alianza kumtafuta. Aligeuka akatazama nyuso za watoto waliokuwa wanakuja mbio, mmoja baada ya mwingine, akajaribu kuwaza sura ya miaka tisa inakuwaje.

"Ummy," ilirudia ile sauti, "baba yako yuko hapa."

Na kweli akaja mtoto. Msichana mwembamba wa miaka kama minane, amevaa koti jekundu la mtu mkubwa linalomfika magotini, nywele zimelowa theluji iliyoyeyuka. Alikuwa anahema.

"Mmeniita? Mimi ndiye Ummy."

"Haya, baba huyo," alisema Paskalina akitabasamu.

Mtoto alimtazama Uwesu juu mpaka chini, kwa upole, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kisha akatikisa kichwa.

"Huyu siyo baba yangu. Baba yangu yuko kazini Mtwara."

Tabasamu la Paskalina liliganda. Nyuma ya mtoto alitokea mama mmoja na mkoba begani, akamshika mwanawe mkono akamvuta.

"Nani anamwita mwanangu? Nani?" alipiga kelele. "Wewe? Unamwitia nini mtoto wa watu?"

Watu walisimama. Mlinzi akaja, akamshika Uwesu mkono juu ya kiwiko. Mtu mmoja kwenye foleni akasema hawa ndio wanaoiba watoto, mwingine akasema aitwe polisi. Mvua ilianza, matone makubwa, lakini hakuna aliyeondoka.

"Namfahamu!" alisema Paskalina, akitoka kwenye kibanda chake. "Huyu ni Baba Ummy, anakuja hapa kila siku na..." Uwesu aliona usoni mwake jinsi alivyokuwa anarudisha nyuma miezi yote ile, siku moja moja, akimtafuta mtoto. "Baba, mtoto wako yuko wapi?"

"Yuko Lindi," alisema Uwesu.

Alitoa simu. Vidole vilikuwa vinateleza kwa maji ya mvua. Aliwaonyesha picha, mtoto wa miaka minne kwenye ngazi za nyumba, kashika kikombe cha plastiki. Mlinzi akaitazama. Yule mama naye akaitazama, bado amemkumbatia mwanawe.

"Mimi ni fundi wa Shangwe," aliendelea Uwesu. "Natumwa na bosi kuangalia michezo yenu. Kibao kinasema mtu mzima haingii bila mtoto. Nikasema ninaye. Ninaye kweli, ila hayuko hapa."

Mlinzi akaangua kicheko. "Kumbe mpelelezi! Kaja kuiba theluji!" Watu wakacheka, kwa nafuu zaidi kuliko kwa furaha. Hata yule mama akatabasamu kidogo, akaondoka na mtoto wake. Uwesu naye alijaribu kucheka. Kuitwa mwizi wa theluji kulikuwa afadhali.

Paskalina peke yake hakucheka. Alisimama kwenye mvua, sare yake ikimganda mwilini.

"Miezi sita," alisema. "Nilikuwa namwombea mafua. Unajua hilo? Nilikuwa namtaja kanisani."

"Nisamehe, dada."

"Kwa hiyo nilikuwa nasalimia nani?"

Uwesu alirudisha simu mfukoni. Mlinzi akamsukuma taratibu nje ya lango na kumwambia asirudi.

Kwa Abdulhamid alieleza alichokiona nyuma ya kontena, mengine hakuyasema. Shangwe wakajitengenezea chumba chao cha theluji kabla ya Krismasi. Barafu walichukua soko la samaki la Feri, kwenye magari ya samaki, kwa kuwa ndiyo ilikuwa karibu, wakaisaga kwa mashine ya kukobolea mahindi. Siku ya kwanza watoto walijaa. Siku ya pili walitoka wananuka vibua, na mama mmoja alirudi na koti la mwanawe akalitupa juu ya meza ya Abdulhamid. Siku ya tano hakuja mtu. Mwezi wa pili Abdulhamid aliita wafanyakazi wote, akasema kwa sauti ya chini kwamba wauza viatu wa Mchikichini wanataka yadi, na yeye amechoka kukimbizana.

Kubomoa ilikuwa kazi ya Uwesu. Alitoa farasi mmoja mmoja, akawalaza chini kwa ubavu. Reli za treni aliziacha mpaka mwisho. Wiki hiyo, akirudi Buguruni, alipita mara mbili mbele ya Tabasamu, upande wa pili wa barabara. Paskalina alikuwa dirishani, anakata tiketi, anaulizia watoto wa watu. Mara ya pili aliinua kichwa. Uwesu hakujua kama amemwona. Aliongeza mwendo.

Alhamisi mchana, ameketi kwenye behewa la mwisho na spana mapajani, alipiga namba ya Lindi. Iliita muda mrefu.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mama yake Ummy.

"Mimi. Uwesu."

"Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu. Nilitaka kumsikia mtoto."

Hakumgombeza, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisema tu, "Miaka yote, Uwesu," halafu akamwita mtoto. Zikasikika hatua, simu ikapokewa kwa mkono mwingine.

"Halo. Shikamoo."

"Marahaba. Ni baba."

"Baba yupi?"

"Baba Uwesu. Wa Dar."

"Ee." Ilikuwa sauti nzito kidogo, siyo aliyoitegemea. "Mama anasema unaendesha treni."

"Ya watoto. Lakini tunaibomoa sasa."

"Kwa nini?"

Akamweleza, na mtoto akasikiliza. Akamweleza habari za theluji na vibua, na Ummy akacheka, kicheko kimoja kifupi, kisha akasema anatumwa dukani. "Ukitaka piga Jumamosi. Asubuhi tunakuwa chuoni, tunasoma Kurani, piga baada ya adhuhuri."

Jumamosi Uwesu alipiga saa nane. Alipokea mtoto mdogo asiyemfahamu, mtoto wa ile ndoa nyingine, akasema dada kaenda kuchota maji, akaweka simu chini bila kuikata. Uwesu alikaa kitandani chumbani kwake, nje mafundi wakigonga mabati. Aliibana simu sikioni. Alisikia masufuria yanasuguliwa, kuku anafukuzwa, mtu anauliza chumvi iko wapi. Hakuita, wala hakukata. Alisubiri hatua za mtu anayerudi na ndoo.