Programu Iliyobisha Hodi

Darasa letu lilikuwa ghorofani, mwisho wa korido, na asubuhi jua lilipita kwenye mapazia ya buluu likatufanya sote tuonekane kama tumekaa chini ya maji. Wenzangu walisikia feni, vibodi na minong'ono. Mimi nilisikia mvumo mmoja tu, laini, usio na mwanzo wala mwisho, na ndani yake maneno ya mwalimu yakielea, moja hapa, jingine kule. Nilipenda kukaa mle, siwezi kusema uongo. Kuna wakati nilisahau kabisa kwamba nilikuwa sielewi kitu.

Masikio yangu yalikuwa yameanza kunigomea. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mpokea simu wa ofisi kubwa, hadi siku mtu alipomtaka meneja nami nikamwunganisha na jikoni, akaulizwa chai aletewe na sukari au bila. Bosi akaniambia nikapumzike. Nipumzike na nini, mtu mzima na akili zangu? Nikajiandikisha chuoni, kozi ya kuandika programu za kompyuta kwa wanaoanza, nikakaa na watoto wa rika la kitinda mimba wangu. Waliposikia kazi yangu ya zamani wakanibandika jina, Mama Simu. Habari za masikio sikumwambia mtu pale chuoni.

"Waambie, mama," kitinda mimba aliniambia tukianua nguo, akinigeukia ili nione midomo yake.

"Niwaambie ili iweje? Wanipeleke kuchapa barua?"

Ndivyo ilivyokuwa pale. Aliyeachwa nyuma hadi jaribio la kwanza alihamishiwa chumba cha chini, darasa la kuchapa. Sina ugomvi na wachapaji. Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja. Siku nilipoandika mstari wangu wa kwanza, nikabonyeza kitufe, na mashine ikafanya nilichoiambia, nilishikwa na furaha ya kitoto, nikatembea hadi nyumbani bila kuona njia. Kazi ya simu nilishanyang'anywa. Hili nilikuwa siliachii.

Tatizo, mwalimu alikuwa na ndevu. Kijana mpole, mwenye heshima zake, lakini ndevu zilifunika mdomo wote, na tena aliongea akiwa ameinamia kompyuta yake. Midomo ya wengine niliisoma, ya kwake ilinishinda. Nikawa nachungulia kioo cha kompyuta ya jirani yangu, binti mwenye miwani aliyetafuna karanga kutwa nzima, nikaambulia hiki na kile. Yaliyobaki niliyatafuta kitabuni.

Jaribio lenyewe binti alinionyesha kwenye karatasi yake. Andika programu itakayozungumza na mtu asiyeijua. Mwalimu atakaa kwenye kompyuta yako, wewe utasimama nyuma yake, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Programu ijitetee yenyewe.

Niliiwaza siku nzima. Nilikuwa napiga pasi huku namwona mgeni mdogo akija taratibu mpaka mlangoni, upande wa ndani wa kioo, akisimama hapo na viatu vyake visafi. Nikampa adabu. Ataandika Hodi, asubiri. Akiandikiwa karibu, ataingia na kushukuru. Asipoandikiwa atabisha tena, na tena, kisha aende zake kama mtu aliyelelewa. Sikutaka ang'ang'anie mlangoni kama mdai kodi. Kila nilipomjaribu aliingia vizuri, maana mimi nilijua anataka nini. Nilimpenda, jamani. Nilimpenda kama mtu.

Siku ya jaribio ikafika, mwalimu akaketi kwenye kompyuta yangu. Kwenye kioo pakatokea Hodi. Nikachungulia kwa pembeni, nikaona mashavu yake yakipanda kwa tabasamu na ndevu zikichezacheza, na neno lile ningelisoma kwenye ndevu za mtu yeyote. Alisema karibu. Alilisema kwa mdomo, kama mtu aliye nyumbani kwake, akasubiri. Programu nayo ikasubiri. Mapazia yakajaa upepo, yakalegea, na wale wawili wakabaki wanangojeana kwa heshima zote. Mwandikie, nikasema moyoni, mwandikie, baba. Mdomo nimeubana, nimejikaza kisabuni. Akabonyeza kitufe. Hodi. Akakaribisha tena, nadhani kwa sauti zaidi, maana binti wa karanga aligeuka. Akabonyeza. Hodi. Safari hii alikaribisha hadi na mkono. Akabonyeza, na mgeni wangu akaandika: Haya, nitarudi siku nyingine. Akaondoka.

Mwalimu akanigeukia, akasema neno ambalo lilipotelea ndevuni. Binti akanirudishia polepole, "Anasema amemkaribisha, mbona ameondoka?"

"Hukumwandikia, mwalimu."

Akasogea karibu kabisa, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa bila msaada. "Ningejuaje kama hasikii, mama? Si angesema."

Kwanza nilimkasirikia yeye. Halafu nikamkasirikia mgeni wangu, mjinga yule, aliyekwenda mlangoni kwa watu na siri yake kifuani akitaka akaribishwe kwa namna anayoijua peke yake.

Mwalimu akanionyesha saa ya ukutani na kibodi, yaani nirekebishe kabla hatujatoka, akahamia kwa binti. Ningeweza kuandika tu "andika karibu", ikapita, nikaenda zangu. Vidole vilikuwa tayari. Lakini nilibaki nimekikodolea macho kile kioo cheupe, mvumo umenijaa kichwani, na nilichoandika, herufi moja moja, kilikuwa hiki: Hodi. Mimi sisikii vizuri. Tafadhali niandikie.

Aliporudi alisoma. Akaandika karibu. Asante, nimeingia, programu ikajibu. Hakuinuka. Alipandisha macho kwenye ile mistari ya juu, akaisoma tena, kisha akageuka kunitazama nilivyosimama, mikono nyuma kama alivyoagiza. Sikumkwepa. Akafungua ukurasa mtupu, akaandika: Tangu lini, mama?

"Tangu kabla sijaja hapa," nikasema, nadhani kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, kwa sababu darasa zima liligeuka. "Na ndevu zako hazinisaidii, mwalimu."

Mabega ya binti yakatikisika kwa kicheko. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta.

Mwalimu alijishika ndevu, akafikiri kidogo, akarudi kwenye kibodi. Jumatatu ukae mbele, aliandika. Nitakuwa naandika kila ninachosema. Halafu, chini yake: Tunaendelea.

Hilo la mwisho nililisoma kwa sauti, ili nilisikie.