Mafuta ya Nereah

Saa kumi na moja jioni Nereah alikuwa kibandani kwake katika mtaa wa mabanda wa Lindi akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta ambayo minofu yake imeenda kuliwa na wengine, simu ya nesi Wangoi ilipoingia. Mafuta katika damu yake yalikuwa yamepita kiasi. Mwaka jana dada yake Aluoch alianguka mbele ya karai hilohilo na hakuinuka tena, kwa hiyo Nereah hakubishana. Aliambiwa atembee kwa kasi kila siku. Basi.

Zamani alipanda bodaboda hadi kituo cha Kawangware 46 kununua mafuta ya kukaangia nyuma ya hoteli ya Gachanja, yale meusi yaliyokwisha kukaanga chipsi wiki nzima. Sasa akaenda kwa miguu. Siku ya tatu mafuta yakaanza kumtoka visiginoni. Hayakumwagika ovyo, yalijipanga mstari mwembamba, yakampita, yakashika njia ya Kawangware. Watu wa mtaa wa Kabiro, njiani, waliyaruka kama wanavyoruka maji taka, wakaendelea na shughuli zao. Nereah alinunua viatu vya wazi.

Mafuta yalikuwa yanarudi kwao. Yaliingia kwa Gachanja kupitia mlango wa nyuma, naye, mtu asiyetupa kitu, akayakinga kwa beseni, akayachuja kwa kitambaa, akayauza tena.

Mwezi wa tatu wa kutembea Wangoi alisoma karatasi ya vipimo mara mbili. Mafuta mabaya yameshuka, mazuri yamepanda. Nereah alipiga vigelegele mlemle kliniki, wagonjwa wakaitikia, halafu akalia kidogo. Alikuwa hai, jamani, na alitaka wote wajue.

Kesho yake alimkuta Marion, jirani yake wa kibanda, kwenye foleni ya Gachanja na mtungi mkononi.

"Hayo yametoka kwangu, Marion."

"Najua, Mama Chris. Lakini mapya nani anayaweza?"

"Basi kesho saa kumi na mbili utoke, tutembee."

Marion akatoka. Akamleta Filister, Filister akawaleta wakaangaji wa laini nzima ya vibanda. Kufika Ijumaa walikuwa wanawake thelathini na wanne, wakienda mbio mbio huku wakiimba, na hakuna hata mmoja aliyechoka. Mafuta yaliwatangulia, mapana kama barabara. Gachanja aliyasikia yakija. Akafungua mlango wa nyuma wote, akaongeza pipa la pili.