Daftari la Oveni

Wanafunzi walimwita Mama Mbegu, naye hakulichukia jina hilo. Alikuwa mtaalamu wa mimea, ofisi yake imejaa vyungu vya kunde hadi dirishani, na kwa ukali hakuwa na mpinzani. Kila mwaka, siku ya kwanza, aliwapanga wanafunzi wapya mbele ya oveni ya kukaushia majani, akawaonyesha daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mpini.

"Ukiweka kitu humu, andika. Tarehe, umeweka nini, joto kiasi gani, muda gani, jina lako kamili. Usipoandika, maabara yangu usiikanyage tena."

Yeye mwenyewe aliandika kuliko wote. Miaka ishirini na miwili hakuruka hata mstari mmoja.

Miaka hiyo aliihesabu tangu alipoporwa. Alikuwa mwanafunzi wakati huo, akagundua kunde inayostahimili ukame, na Profesa wake akaichapisha kwa jina lake peke yake. Mwishoni kabisa mwa makala, kwa herufi ndogo za kukodolea macho, palikuwa na shukrani kwa "msaidizi aliyemwagilia maji". Jina halikutajwa. Profesa akapanda cheo, akastaafu kwa shangwe na hotuba, na Mama Mbegu akabaki na donge kooni lisiloshuka wala kutoka.

Basi mwaka huu, kati ya wanafunzi wote waliokuwapo, akapangiwa mjukuu wa yule Profesa mzee.

Binti mwenyewe hakuwa na kosa, tuseme ukweli. Alifika mapema, akaosha hata vyombo ambavyo hakuvichafua yeye. Alikuwa akiwania nafasi moja tu ya kuendelea na masomo, na jopo lingemchagua mtu kwa kuangalia jaribio lake la kuotesha kunde. Wiki mbili nzima Mama Mbegu alimfundisha, shingo upande, lakini alimfundisha vizuri. Mpaka asubuhi moja binti aliposema huku akitabasamu:

"Mwalimu, Babu anakusalimu sana. Anasema hajapata kuona mtu mwenye mkono mzuri wa kumwagilia kama wewe."

"Mwambie salamu zimefika," alijibu Mama Mbegu, akaondoka kabla uso haujamsaliti.

Mchana, maabara ilipobaki tupu, alichukua pakiti ya saba, yenye mbegu za binti, akazimwaga kwenye trei, akaisukuma ndani ya oveni. Mbegu iliyokufa kwa joto kavu la namna ile haibadiliki sana sura. Ukiirudisha pakitini na kuitazama utasema iko salama. Akakaa kwenye stuli, miguu ameinyoosha, na roho ikamsuuzika kuliko siku zote alizowahi kuzikumbuka. Acha mzee amwone damu yake akirudi nyumbani mikono mitupu. Acha naye aonje.

Wiki iliyofuata binti alikuja na sahani zake za kuoteshea mbegu.

"Mwalimu, hazijaota. Hata moja."

"Rudia. Labda umezizamisha majini."

Akarudia. Sifuri. Akarudia tena, macho mekundu, akipima maji kwa matone, na Mama Mbegu akajifanya hamnazo, akanywa chai yake. Chai ilikuwa tamu siku hiyo. Baada ya hapo binti hakulalamika tena. Amekata tamaa, alijiambia Mama Mbegu.

Siku ya jopo ndugu waliruhusiwa kuingia ukumbini. Mzee alikaa mbele na mkongojo wake. Mama Mbegu alichagua kiti cha upande wa pili, mahali ambapo angeuona uso wake vizuri.

"Mbegu zangu hazikuota," binti alianza. "Nimepanda mara tatu, mbegu mia kila mara. Sifuri."

Mzee akainamisha kichwa. Mama Mbegu akameza kicheko.

"Mwalimu wangu alinifundisha nisimlaumu mtu kabla sijajua mbegu imepita wapi. Nikazipasua, nikazitia dawa inayogeuza kiini kilicho hai kuwa chekundu. Vyote vilibaki vyeupe. Zilikuwa zimekufa kabla ya kugusa maji. Kwa hiyo nikaenda kusoma daftari la oveni."

Hapo ndipo Mama Mbegu alipoukumbuka mkono wake. Aliikumbuka kalamu ikining'inia kwenye kamba, na jinsi alivyoandika akiwa amesimama, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Binti akasoma tarehe. Akasoma: "Mbegu za kunde, pakiti ya saba. Nyuzi joto mia na tano. Muda, saa tatu." Kisha akasoma jina, la kwanza, la baba na la ukoo. Hakuacha neno.

Mwenyekiti wa jopo alivua miwani.

"Binti, nani alikufundisha kufuatilia jambo namna hii?"

Binti alimtazama Mama Mbegu, machozi yakimtiririka, akalitaja jina lile lile tena, kamili.

Mzee aligeuka taratibu kwenye kiti chake. Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mbegu alikuwa ametaka jina lake lisomwe mara moja tu mbele ya mtu huyu. Sasa lilikuwa limesomwa mara mbili, na katibu wa jopo alikuwa anaomba atajiwe tena, aliandike vizuri.