Dawa ya Majani ya Mpera

Poongodi alikuwa akitafuta dawa ya kusukutua kinywa katika maabara ya chuo kimoja cha meno, Chennai, kusini mwa India. Alichemsha majani ya mpera, akayachuja, akachanganya maji yake na myeyusho wa madini ya fedha. Mchanganyiko ukigeuka hudhurungi, alijua chembe za fedha zimeshaumbika, ndogo mno hata jicho halizioni. Kwenye visahani vya maabara, chembe hizo ziliua ukungu unaoota mdomoni. Majani yalitoka uani kwa mama yake, Bi Alamelu, katika mji wa Dindigul. Mama aliyachuma mwenyewe, akayafunga kwenye kipande cha sari kuukuu na kuyatuma kwa basi.

Kisha Bi Alamelu akapatikana na saratani ya ulimi. Alikuwa ametafuna tambuu na tumbaku miaka arobaini. Mionzi ya matibabu ilimbabua kinywa chote, na juu ya vidonda ukatanda ukungu mweupe, ule ule ambao binti yake aliufuga kwenye visahani. Dawa za hospitali hazikuufuta. Hata wali wa mtindi ulimchoma.

Poongodi akaomba likizo, akaenda kumuuguza. Kila asubuhi alimpa maji ya chumvi ya uvuguvugu asukutue.

"Ile yako ya mpera iko wapi?" mama akamuuliza siku moja.

"Bado, Amma. Haijajaribiwa kwa watu. Kwanza tunajaribu kwa mayai ya samaki, tuone kama ina sumu."

"Kumbe samaki wanapewa dawa, mimi napewa chumvi."

"Samaki wakifa nawaandika daftarini. Wewe nitakuandika wapi?"

Mama alicheka, kisha akajishika taya kwa maumivu. Hakuuliza tena.

Asichokijua ni kwamba chupa ya dawa hiyo ilikuwemo mkobani mwa binti yake. Poongodi alikuwa ameichukua maabara bila kumwambia profesa wake. Mara mbili aliifungua, akasimama nayo jikoni huku akimsikia mama akigumia chumbani. Mara mbili akaifunga.

Bi Alamelu alifariki mwezi wa Aadi, kati ya Julai na Agosti, akiwa hawezi kumeza hata maji.

Siku ya kumi na sita ya msiba, baada ya ibada ya kumwombea marehemu, jirani yao Saradha alimshika Poongodi mkono. Akamwambia asijilaumu, kwani marehemu aliwasimulia mtaa mzima jinsi dawa aliyotengenezewa na bintiye ilivyokuwa ikimpoza.

"Alisema, 'Bila mwanangu ningekuwa nalia usiku kucha.'"

Mama alikuwa amemsitiri kwa kusifu dawa ambayo hakuwahi kupewa, na wala hakumwambia.

Aliporudi Chennai, majibu ya mayai ya samaki yalikuwa tayari. Kwa kiwango kile kile kilichokuwa chupani, zaidi ya nusu ya vifaranga walitoka wamepinda migongo. Profesa alimwambia inabidi waipunguze makali na kuanza upya. Poongodi akaitikia, akavaa glavu, akawahesabu vifaranga mmoja mmoja. Hakukosea kuifunga ile chupa, sasa alikuwa na ushahidi. Alifika wa kumi na tisa, machozi yakamziba macho, ikabidi aanze kuhesabu tena.