Ufa Shingoni

Fundi saa hakuwa na mke, hakuwa na magego ya kushoto, hakuwa na cheti cha shule wala kiti cha pili. Kwa hiyo shemeji yake, aliyekufa miezi minane iliyopita, alipoanza kuja saa kumi jioni, alikalia ndoo.

Alikuja kupanga sarafu. Fundi alikusanya zile zilizotoka na kasoro katika kiwanda cha sarafu cha mji. Kumi na tisa zilikuwa na kimstari kilichoinuka kwenye shingo ya kichwa kilichochapwa upande mmoja, alama ya kwamba muhuri wa chuma unaozichapa ulikuwa umeanza kupasuka. Marehemu ndiye aliyeendesha mashine yenye muhuri huo, namba nne, hadi muhuri uliporuka vipande na kumuua. Faili la kiwanda lilisema alikuwa amelewa.

"Mimi! Pombe naijua kwa harufu ya majirani tu," alisema, akizipanga kuanzia ufa mfupi hadi mrefu. Muhuri ulipasuka kwa wiki tatu, naye aliripoti mara mbili.

"Nenda ukawaambie mwenyewe," alisema mkewe, dada wa fundi. "Ulipokuwa hai uliogopa kusisitiza, usije ukafukuzwa. Sasa watakufukuza wapi?"

Akaenda. Karani wa kiwanda alimpa kiti, akazikagua sarafu zote, akakubali kwamba ufa ni ufa. Kisha akafungua faili.

"Pole, mzee. Hapa umeandikwa mlevi, na aliyesaini ni mkuu wangu."

Marehemu alishukuru, akarudi kwenye ndoo.

Jumatatu dada alileta chenji ya mkate. Fundi aliibana lenzi jichoni, akaikagua sarafu moja ya mwaka huu, akampa shemeji. Shingoni palikuwa na kimstari kifupi kama ukope.

"Namba nne," marehemu alisema. "Nani yuko pale?"

"Baba wa wale mapacha, jirani yetu," mkewe alijibu. "Mstari nimeuona tangu asubuhi, nikamwambia. Anasema akizima mashine bila amri, kazi hana."

Safari hii habari za ulevi hazikuguswa. Fundi aliandika barua kwa mwandiko wake wa shule ya jioni: simamisheni namba nne leo. Marehemu akasaini. Kwa kuwa hakuwa na mate, mkewe ndiye aliyeilamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akaenda kuitia kwenye sanduku la posta. Ilikwenda kwa karani yuleyule.