Jiwe Juu ya Kabichi

Kila Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, Moffat, fundi wa maji, alifungua koki ya bomba la Laini C pale Endarasha kwa ufunguo aliouvaa shingoni, na saa sita mchana aliifunga. Katika saa hizo sita watu wa Laini C walijaza mapipa, wakanywesha ng'ombe, wakafua, wakamwagilia walichoweza na wakagombana na Moffat. Ratiba ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mradi wa maji, na ilikuwa na muhuri.

Jumanne moja Watiri alikuwa jikoni tangu alfajiri akikata kabichi. Lori la madalali halikuja. Dalali alisema litakuja Alhamisi, kisha Jumatatu, kisha simu yake ikazimwa, na kabichi zikaanza kupasuka shambani. Binti yake Sophie, aliyekuwa akifanya kazi Karatina, alimfundisha kwa simu namna ya kuzichachusha. Unakata nyembamba, unatia chumvi, unafinyanga mpaka zilainike, unashindilia ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, unaongeza maji ya chumvi mpaka yafunike, halafu unaweka kitu kizito juu ili kabichi isielee. Iliyo chini ya maji huchacha vizuri. Inayochungulia nje huota ukungu. Kazi yenyewe ni hiyo tu, na hakuna mtu mwenye akili zake angeiita ngumu.

Chupa ya kwanza Watiri aliitengeneza wakati wa mvua, kwa maji ya paa, na ilitoka safi. Nekoye, mwanamke wa Bungoma mwenye hoteli ya nyama choma mjini Nyeri, aliionja akiwa amesimama, akaimaliza nusu, akasema atachukua chupa thelathini kila mwezi mradi zisiwe na ukungu. Watiri aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Ikishindikana, angelazimika kukodisha ekari yake moja na nusu kwa Kingori, mwenyekiti wa mradi wa maji, kama walivyofanya majirani wanne mashamba yao yalipokauka. Shamba hilo alilinunua mwenyewe kwa miaka kumi na mmoja ya kuuza maziwa. Hakutaka hata kulifikiria jambo la kulikodisha.

Kufikia saa tano na nusu chupa thelathini zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja imejaa, na juu ya kila kabichi jiwe la mtoni lililochemshwa. Watiri akakaa chini kunywa chai.

Saa sita kamili Moffat alifunga koki. Maji ya chumvi yalipanda ndani ya chupa, yakavuka midomo yake, yakateremka kwa miguu ya meza, yakapita chini ya mlango na kushika njia ya kwenda kilimani kwa Kingori. Yalikuwa na upana wa kidole kimoja na yalikwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Kuku waliokuwa uani walisogea kuyapisha.

"Yaani hata hii," Watiri akasema. Akachukua kitambaa akapangusa meza.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Maji ya Laini C yalikuwa yakiondoka hivyo tangu Kingori achimbe bwawa na kulitandika plastiki nyeusi. Wanachama wote walikuwa na paipu ya nusu inchi. Kingori alikuwa na ya inchi tatu, iliyochomekwa juu ya koki kuu mahali ambapo ufunguo wa Moffat haukufika. Haikufichwa. Ilivuka barabara, na watoto waliiruka kila siku wakienda shule. Baada ya paipu hiyo kuyazoesha njia, maji mengine nayo yaliona hakuna sababu ya kubaki. Wachuka, jirani wa Watiri, kabla hajakodisha shamba lake, aliacha kuloweka maharagwe siku nyingine isipokuwa Jumanne asubuhi, kwa sababu siku nyingine aliyakuta makavu kama alivyoyanunua. Maji ya mapipani yalikuwa na ustaarabu kidogo, yaliondoka nusu. Watu walijifunza kunywa mapema.

Watiri alijaza chupa tena kwa maji ya pipa. Kabla ya jioni yaliondoka. Akafunga vifuniko kwa nguvu zake zote. Chupa mbili zikapasuka kwa hewa ya kuchacha, na nyingine ishirini na nane maji yakatoka huku vifuniko vikibaki vimefungwa vilevile. Akaenda Mweiga kununua maji ya dukani. Hayo yalikaa siku mbili, bila shaka kwa ugeni, kisha nayo yakashika njia. Hata maji ya kabichi yenyewe, yale inayoyatoa ikifinyangwa, hayakubaki, maana kabichi ilikuzwa kwa maji ya mradi.

Chumvi ilikwisha, akanunua nyingine. Kila siku alijaza, na kila siku maji yalipanda kilima yakibeba chumvi yake na kumwachia kabichi kavu chini ya jiwe.

Wachuka alikuja kuangalia. Alikuwa mmoja wa wale wanne waliokodisha, na sasa alichuma matango kwa Kingori katika shamba ambalo hati yake bado ilikuwa kabatini kwake. Aliinama juu ya chupa moja.

"Mama Sophie, hii jiwe ni ndogo," akasema.

"Wachuka, jiwe iko sawa. Angalia. Kabichi iko chini ya jiwe. Si maji ndiyo haiko?"

"Ukiweka kubwa, itakaa."

"Nini itakaa?"

"Mimi nakuambia tu. Weka kubwa."

Watiri alienda kwa Moffat. Alimkuta amekaa juu ya sanduku la koki akila ndizi.

"Moffat, kijana yangu, toa ile paipu ya Kingori."

"Ile si ya ratiba, mami. Mimi niko na ratiba tu." Akameza. "Lakini hiyo kabichi umejaribu kuifinya na jiwe?"

Akaenda ofisi ya chifu. Chifu hakuwepo. Karani wake alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika jina lake na nambari ya simu, akamwuliza kama jiwe analotumia ni la mtoni au la machimbo, kwa kuwa la machimbo ni zito zaidi.

Inachosha. Mtu akikueleza shida ambayo umeshaieleza mwenyewe, kisha akakupa dawa ambayo umeshaitumia, na akangoja shukrani, unachoka mpaka kwenye meno. Watiri alirudi nyumbani akafunga mlango kwa kishindo, na ulikuwa mlango wake mwenyewe, usio na kosa lolote.

Ijumaa ya wiki ya tatu Nekoye alifika na gari dogo la kubebea chupa zake. Watiri alikuwa amejaza zote upya asubuhi, akitumaini, lakini Nekoye alichelewa Mweiga na maji hayakumngoja. Alifungua ya kwanza. Ukungu mweupe na wa kijani ulikuwa umelizunguka jiwe lote. Akafungua ya tano, akafungua ya kumi.

"Mama Sophie. Sasa hii ni nini?"

"Ni maji. Inaenda kwa chairman."

Nekoye alitazama sakafuni, ambapo mstari wa mwisho ulikuwa ukipita chini ya mlango. Akasogeza mguu pembeni kuupisha.

"Hata kwetu kulikuwa na mtu hivyo," akasema. "Lakini jiwe uliweka?"

"Nekoye, unaiona jiwe?"

"Naiona."

"Basi usiniulize jiwe."

"Usikasirike, dada. Wateja wangu hawawezi kula ukungu."

Hilo lilikuwa kweli, na Watiri hakubishana nalo. Walibeba chupa pamoja hadi uani na kuzimwaga kwenye shimo la takataka. Ng'ombe alinusa akaondoka.

Njiani Nekoye alisimamisha gari kwenye lango la Kingori, ambako matango yaliuzwa kwa magunia. Tangu maji ya Watiri yaanze kuingia bwawani, matango ya Kingori yalikuwa yakitoka kwenye mmea yakiwa yameshachacha: ya chumvi kiasi, makali kiasi, yakilia kacha kacha mdomoni, bila chupa, bila kungoja na bila doa la ukungu. Nekoye alionja moja akiwa amesimama. Alichukua magunia mawili, na akaagiza mengine ya kila mwezi. Alimpigia Watiri simu jioni hiyohiyo ili asilisikie kwa mtu mwingine. Alikuwa mtu muungwana.

"Yanafanana na kabichi yako kabisa," akamwambia. "Ile ya kwanza."

"Ni chumvi yangu," Watiri akasema.

"Najua. Uko na mkono mzuri."

Mkutano mkuu wa mradi ulifanyika Jumamosi iliyofuata, chini ya hema, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ulifunguliwa kwa sala. Ripoti ya maji ilisomwa, ikapendekezwa, ikaungwa mkono. Watiri alingoja mpaka wakafika kwenye mambo mengineyo, akasimama na chupa tupu mkononi.

"Chairman, maji yangu inaenda kwako. Ya kunywa, ya kabichi, yote. Na chumvi yangu iko ndani. Matango unauza ni ya chumvi yangu. Mimi naomba ile paipu ya inchi tatu itolewe. Ni hiyo tu."

Watu wa Laini C walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyesema si kweli. Kingori, mwanamume mnene mwenye sweta ya kanisa, alisimama taratibu na kuvua kofia.

"Asante, Mama Sophie. Mimi siwezi kataa. Maji inakuja kwangu, naiona na macho yangu. Hata jana imekuja. Lakini mbele ya Mungu, sijawahi kuiita hata siku moja. Sasa mimi nauliza, bila ubaya: nyinyi mnaiachilia aje? Mtu akiwa na kitu yake, si anaishika?"

"Naishika na nini?"

"Umejaribu jiwe?"

Watiri alitazama watu mia mbili waliokaa kwenye viti vya plastiki, na wengi wao walikuwa wakimtazama kwa huruma, wakingoja kusikia kama alikuwa amejaribu jiwe. Akakaa chini.

Katibu aliliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu. Ilipendekezwa, ikaungwa mkono, na ikapita kwa kuinua mikono kwamba mradi utamsaidia kila mwanachama kutunza maji yake. Trekta ilitumwa mtoni. Baada ya wiki mbili kila mwanachama aliitwa ofisini, akatia sahihi, akapewa jiwe. La Watiri lilikuwa la mviringo, jeusi, zito kwa ukubwa wake, na lilipakwa kwa rangi nyeupe nambari yake ya uanachama. Lazima isemwe kwamba lilikuwa jiwe zuri. Moffat alimbebea mpaka barabarani.

Mvua ya msimu uliofuata haikufika. Kabichi zilizosalia ziligeuka rangi ya karatasi shambani. Watiri alizunguka ekari yake moja na nusu asubuhi moja, akapiga teke donge la udongo, akalia kidogo kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akaenda kwa Kingori kutia sahihi. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Kingori alimpa chai yenye maziwa na akamwambia kwamba nyumba na jiko vilibaki vyake kabisa, asiwe na wasiwasi.

Jumatatu vibarua walikuja na paipu ya inchi tatu. Kufikia Jumatano maji yalikuwa yakimwagika shambani usiku na mchana, Jumanne na siku zisizo Jumanne, na udongo ukawa mweusi kama ulivyokuwa Watiri alipolinunua shamba. Walipanda matango. Kingori alihitaji watu wa kupalilia, na Watiri alikuwa anakaa palepale, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumtafuta mbali.

Kabichi moja ilikuwa imebaki, ndogo, nyuma ya choo, mahali kivuli kilipoificha. Watiri aliikata siku ya Jumapili baada ya kanisa kwa sababu hakujua kuacha kitu kioze. Aliikata nyembamba, akatia chumvi, akaifinyanga, akaishindilia kwenye chupa, akajaza maji, na kwa kuwa mawe mengine alikuwa ameyatupa, aliweka juu lile la mradi. Liliingia kwenye mdomo wa chupa sawasawa. Akakaa kungoja maji yaondoke.

Hayakuondoka. Jumatatu yalikuwepo, Jumanne saa sita yalikuwepo, na wiki nzima yalikaa juu ya jiwe kwa unene wa vidole viwili, yakitoa vipovu vidogo. Mkataba ulisema nyumba na jiko ni vya Watiri, lakini maji hayakuusoma mkataba. Yalijua tu yako kwenye shamba la Kingori, na yalikuwa yamefika.

Siku ya ishirini na moja Wachuka aliingia kuomba kiberiti. Wote wawili walikuwa wametoka shambani na matope mpaka magotini. Wachuka aliiona chupa dirishani. Aliinua kifuniko akanusa. Kabichi ilikuwa ya rangi ya dhahabu, safi, imezama yote, haina hata doa moja la ukungu.

"Unaona sasa, Mama Sophie," akasema, akigusa jiwe kwa kidole. "Si nilikuambia? Ilikuwa tu jiwe."

Watiri akampa kiberiti.