Mistari Ishirini na Mitatu

Mwalimu Mathews hakuwa mtu wa haraka. Katika chuo chao cha ufundi pale Malaba, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kutengeneza programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, anayetaka ausome, auchukue, auboreshe. Tena iwasilishwe kwa hatua tatu. Kwanza mpango kwenye karatasi. Pili programu inayofanya kazi kwa taarifa za kweli. Tatu kuionyesha mbele ya watu watakaoitumia, huko huko waliko. Aliyeanguka hatua moja alirudia mwaka, na Mathews hakuwahi kulainishwa na machozi ya mtu.

Asio aliipita hatua ya kwanza bila jasho. Programu yake ilikuwa ya chanjo za ng'ombe kwao Angurai. Daktari wa mifugo alikuwa akija, anachanja, anaondoka, na miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka ni ng'ombe yupi alidungwa na yupi aliponyoka kichakani. Programu ingekumbuka.

Kwa hatua ya pili alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari. Kwao hakuna mtu mwenye akili timamu anayefuga ng'ombe wake wote bomani kwake. Mmoja yuko kwa rafiki Butula, wawili kwa shemeji Khunyangu. Anayewatunza anakunywa maziwa na siku moja atapewa ndama. Mwenyewe anapata usalama: ugonjwa ukiingia boma hili haumalizi lile, na jamaa wenye mikono mirefu hawajui waanzie wapi kushika. Kwa hiyo watu walimtajia Asio mahali ng'ombe wao walipo kwa sauti ya chini. Baba yake mdogo, Ejoku, alimvuta mpaka nyuma ya ghala.

"Sita ziko Butula," akamwambia. "Andika zichanjwe. Lakini mama Okedi asijue." Mama Okedi alikuwa mkewe.

Hata Roselyn, mama yake Asio, alikuwa na wanne kwa rafiki yake Brigid huko Khunyangu. Wote walitokana na mtamba mmoja ambaye Roselyn alipewa na baba yake mzazi. Tangu baba Asio azikwe, Ejoku alikuwa akiuliza ng'ombe wa marehemu kaka yake walienda wapi, na kama angewaona hao wanne angewadai ni wa marehemu, bila kutaka kujua walitoka kwa nani. Ndio waliokuwa wakimsomesha Asio.

Asio aliandika yote: jina la mwenye ng'ombe, na mahali ng'ombe anapolala. Mistari ishirini na mitatu. Alipowasilisha, programu ilikwenda vizuri mpaka Mathews akatikisa kichwa kwa kuridhika, jambo lililotokea mara moja kwa muhula.

"Weka kila kitu mtandaoni leo," Mathews akasema.

Alimaanisha msimbo. Asio, kwa furaha yake, aliambiwa kila kitu na kila kitu akakiweka.

Kesho yake Protus, kijana wa Butula aliyekaa naye dawati moja, alikuwa amechukua nakala ya programu aichezee. Akaacha kuchezea, akamgeukia.

"Asio, hizi majina ni za ukweli?"

"Ndiyo. Si tuliambiwa data ya ukweli?"

"Kwetu mtu akikuonyesha ng'ombe zake mahali ziko, amekupea siri. Wewe umeandika mwenyewe na mahali, line moja."

Asio akafuta orodha pale pale.

"Umefuta ya leo," Protus akasema taratibu. "Ya jana bado iko kwa historia ya mradi, mtu yeyote anaifungua. Na watu tisa wamekopi tayari."

Asio akaangalia majina ya waliochukua nakala. La kwanza lilikuwa la Okedi, mwanafunzi mwenzao, mtoto wa Ejoku.

Siku nzima alihangaika. Akaufunga ukurasa wa mradi, akaufungua mwingine usio na historia ile, akawaendea mmoja mmoja wafute nakala zao. Wanane walifuta mbele yake. Okedi alisema ameshafuta, lakini alisema hivyo akitazama viatu vyake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi alikwenda nyumbani. Roselyn alikuwa akibambua njugu uani. Asio alimweleza yote bila kuzungusha, na mama hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

"Mimi nilificha ndio wewe usome," Roselyn akasema. "Wewe umesoma, umenianika."

"Nisamehe, mama. Tuzihamishe kabla baba mdogo ajue?"

"Nikihamisha nitakuwa nimekubali ni za wizi. Hazitoki kwa Brigid. Nenda umalize kazi yako."

Hakumkaribisha chai. Asio alilia njia nzima mpaka barabarani, kwa sababu alistahili.

Hatua ya tatu ilifanyika katika ukumbi wa kanisa Angurai. Wenye ng'ombe wote walifika. Ejoku alikaa mbele, kofia gotini, na Roselyn nyuma karibu na mlango. Mathews alikuwa pembeni na karatasi yake ya alama. Asio angeweza kuonyesha programu na kukaa kimya juu ya mengine. Hakuna aliyemuuliza.

"Kabla sijaanza," akasema, "niliwakosea. Mlinipea siri nikaiweka mahali watu wote wanaona. Nimeitoa, lakini siwezi kuapa hakuna mwenye amebaki nayo. Sasa programu inashika namba ya hereni ya sikio na tarehe ya chanjo tu. Ng'ombe ni ya nani, hiyo inabaki kwa mwenyewe."

Minong'ono ikapita ukumbini. Mathews aliacha kuandika. Ejoku akasimama.

"Ni vizuri umesema ukweli, mtoto wangu. Sasa sema yote. Hiyo orodha ilikuwa na ng'ombe nne Khunyangu, kwa mama mmoja anaitwa Brigid. Ni za nani?"

Okedi, basi, alikuwa amemsomea baba yake mstari mmoja. Ama hakufika ule wa chini, wa baba yake mwenyewe, ama alifika akaona heri anyamaze. Vichwa viligeuka kumtazama Roselyn. Roselyn hakusogea.

Asio alikuwa na woga, na hasira pia. Alimtazama baba yake mdogo machoni.

"Baba mdogo, hiyo orodha iko na mistari ishirini na mitatu. Wewe ni mkubwa wangu. Ukisema nisome mmoja hapa mbele ya watu, lazima nisome yote. Nisome?"

Kila mmoja ukumbini alikuwa akiukumbuka mstari wake. Mama Okedi, aliyekaa safu ya pili, aligeuka polepole kumtazama mumewe. Ejoku aliivaa kofia, akaivua, akakaa.

"Endelea na programu," akasema.

Asio akaendelea. Mathews akauliza kama kuna swali lingine, na halikuwepo.

Wakati wa kurudi nyumbani mama na mwana waliongozana hadi kwenye kivuko cha mto. Hapo Roselyn akapunguza mwendo.

"Na zake Ejoku, ziko wapi?"

"Za nani?" Asio akauliza.

Roselyn akamshika mkono wakavuka.